Kemshafti ya Nukta Tatu

Mtu akikuletea kemshafti iliyofungwa kwenye gazeti, usianze kuitazama kemshafti. Mtazame kwanza aliyeileta. Akiwa na maneno mengi, ujue kilichomo ndani ni kibovu. Akinyamaza na kuomba maji ya kunywa, huenda ni kizima, na huenda hata yeye hajui amebeba nini. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa, na kwa miaka yote niliyoshika spana limenidanganya mara mbili tu.

Nawaandikia nyinyi, mafundi wa bodaboda wa hapa Somanga na popote mlipo, mnaopita barazani kwangu mkisema "Shikamoo bibi," halafu kabla sijamaliza kuitikia mnaongeza, "Bibi, hebu njoo uisikilize hii injini." Marahaba, wajukuu zangu. Nakuja, magoti yakiniruhusu. Nimestaafu mikono, sijastaafu masikio. Na siku moja moja mkiweza, niiteni Fundi Somoe. Jina hilo nililipata kwa shida, na leo nitawaambia ni nani walionipa.

Nyinyi kemshafti ikilika mnaenda dukani mnatoka na mpya, imelala kwenye boksi lake. Sawa, sina kinyongo, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini naona siku hizi watu wameanza kuzipenda tena pikipiki za zamani, zile tulizoziita tukutuku. Wanazichomoa mabandani, wanazifuta kinyesi cha kuku, wanawaletea. Kwa injini hizo duka hakuna. Mtaletewa kipande cha chuma chenye kutu na kuulizwa maswali mawili: hiki ni cha injini gani, na je, bado kina maisha? Mkijibu kwa kubahatisha mtaua injini ya mtu. Mimi niliwahi kuua moja, na nitafika huko. Mficha uchi hazai.

Kwanza tuelewane. Kemshafti ni fimbo ya chuma yenye nundu. Ikizunguka, nundu inasukuma na valvu inafunguka, injini inavuta pumzi na kuitoa. Nundu ikilika, valvu inafunguka nusu, na injini inapata pumu. Aliyenifundisha kazi, Fundi Kristofa, alizipa sehemu zake majina ya mwilini. Ncha ya nundu aliiita pua. Upande wa nyuma wa nundu, ule wa mviringo, aliuita kisigino. Pale panapokaa kwenye beringi ni shingo.

"Mnyama gani huyu," nilimuuliza siku yangu ya kwanza karakana, "ana pua, ana shingo, ana kisigino, hana tumbo?"

"Mjomba wako huyo," akajibu, wala hakuinua kichwa.

Nilicheka mpaka nikaangusha spana, kwa sababu mjomba wangu Hamisi alikuwa mwembamba kweli kweli. Alikuwa kaka yake mama. Nyinyi mnaotoka sehemu nyingine huenda hamjui, lakini kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Baba anaweza kusema asubuhi mpaka jioni. Mjomba akikohoa, shauri limekwisha.

Nilikuwa nauza vitumbua mbele ya karakana ya Fundi Kristofa, pale Mingoyo, njia panda. Pikipiki ikija, mimi kabla sijaiona nilikuwa najua ni ya nani, na nilijua kama inaumwa. Siku moja nikamwambia fundi, "Ya mwalimu inakuja, na leo inabisha juu." Akanyanyua shingo kusikiliza. Mwalimu akafika, fundi akafungua, akakuta tapeti moja, kile kipande kinachobonyeza valvu, imelegea. Alirudi akanunua vitumbua vyote vilivyobaki, akaniambia, "Kesho njoo bila beseni."

Fundi Kristofa alikuwa Mmatumbi wa milima ya Kipatimu, Mkatoliki, mtu wa maneno machache, aliyejifunzia kuchomelea kwenye karakana ya misheni. Mimi msichana wa Kiislamu wa Rondo. Mnaweza kufikiria maneno ya watu. Mjomba Hamisi akashuka kutoka Rondo kuja kukata shauri. Alikaa kwenye benchi, akanywa chai, akaitazama mikono yangu iliyojaa oili, akasema:

"Somoe, jifunze. Sikukatazi. Lakini ukiniaibisha kwa kazi mbovu hata mara moja, unarudi Rondo kupalilia mikorosho, na habari ya spana isisikike tena. Na siku utakapofungua injini ya tukutuku langu, ukaifunga kwa mkono wako, likanipandisha mlima wa Rondo, siku hiyo hakuna mtu atakayekuuliza tena unafanya nini karakana."

Basi nikaishi na maneno hayo. Kila mtu alikuwa na mlima wake, wangu ulikuwa wa kweli, wenye kona na vumbi jekundu.

Sasa tuingie kazini. Kuitambua kemshafti watu wote hukimbilia namba. Namba ni nzuri, lakini zipo za aina mbili. Ile iliyovimba juu ya chuma imetokana na kalibu, chuma kilipokuwa kinamiminwa, na kalibu moja inaweza kuzaa ndugu wengi wasiofanana mbele ya safari. Ile iliyozama, iliyogongwa baadaye, ndiyo yenye habari. Ikiwa kutu imeila, usiikwangue kwa bisibisi kama mtu anayeparua nazi. Ipake mafuta ya taa, isubiri, halafu isugue kwa chaki. Chaki itaingia kwenye mashimo na namba itatokea yenyewe.

Namba ikikataa kabisa, hesabu nundu. Pima urefu, pima unene wa kila shingo, hesabu meno ya gia. Tazama pua zimeelekea wapi. Injini nyingi za Kiingereza za zamani, za pistoni moja, huweka kemshafti chini na kusukuma valvu kwa fimbo ndefu. Nyingi za Kijapani zilizokuja baadaye huiweka juu kichwani na kuizungusha kwa cheni. Kwa hiyo ukiona pameandaliwa mahali pa cheni, usikubali kuapiwa kwamba ni ya Kiingereza. Mzee mmoja wa Kivinje alitujia na kemshafti akaapa kwa marehemu wote wa ukoo wake kwamba ni ya pikipiki aliyoiendesha ujanani. Fundi Kristofa akaigeuza, akaipima, akairudisha gazetini kwa adabu. "Mzee wangu," akamwambia, "pikipiki yako ilikuwa inakoboa mpunga?" Ilikuwa ya injini ya mashine ya kukoboa. Mzee alikasirika, halafu akacheka, halafu akaomba maji.

Ukishajua ni ya nani, ndipo uulize kama ni nzima. Anza na ukucha. Pitisha ukucha juu ya nundu, taratibu, macho umefumba. Jicho linasamehe, ukucha hausamehi. Ukikwama mahali, basi pamechimbika. Halafu ilaze shingo juu ya kioo na uizungushe. Tulikuwa na kioo cha mlango wa kabati, kikubwa, na kemshafti iliyopinda ilikuwa inachechemea juu yake. Kisha pima toka kisigino mpaka pua, halafu pima upana wa ubavuni. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayoinua valvu. Andika. Kichwa cha fundi kimejaa njaa na nyimbo, hakihifadhi vipimo.

La wanja ni langu mwenyewe, na nalisema kwa majivuno. Mafundi wa mjini walikuwa na rangi yao maalumu ya buluu, wanaipaka kwenye chuma ili kuona vipande viwili vinagusana wapi. Sisi hatukuwa nayo. Siku moja nikatoa kidau changu cha wanja, nikaupaka kwenye nundu nyembamba kama ninavyopaka jicho, nikaizungusha injini mara moja kwa mkono. Palipoguswa pakafutika, pasipoguswa pakabaki peusi. Ukiona wanja umefutika upande mmoja tu wa nundu, ujue imelika kombo. Wateja wakawa wanasema, "Nenda kwa Kristofa, kuna binti anazipamba injini kama mabibi harusi." Fundi akaniambia nipake mbili zaidi. Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Na mwisho wa yote, alama. Karakana yetu ilikuwa na sheria. Kila kemshafti uliyoipima, unaigonga nukta kwenye ncha yake kwa kipatasi chenye ncha kali. Nukta moja, nzima. Nukta mbili, ya kuangaliwa. Nukta tatu, maiti, haitaingia tena kwenye injini ya mtu. Kila mmoja alikuwa na kipatasi chake. Changu kilivunjika ncha siku ya kwanza nilipokiangusha, kwa hiyo nukta zangu zilikuwa na mkia, kama koma. Fundi alisema nisikinoe. "Hivyo hivyo. Nitajua ni zako."

Haya, sasa aibu yangu.

Mingoyo iko karibu na mashamba ya chumvi. Hewa yenyewe ina chumvi; chuma ukikiacha wazi wiki moja kinavaa kutu. Fundi Kristofa alikuwa na dawa yake. Kemshafti nzuri za akiba alizichovya kwenye mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayochubua ngozi, yale wanayopaka mitumbwini, akazitundika darini. Yakikauka yanakuwa gamba gumu, na kutu haipiti. Mtu wa bara angeshangaa. Sisi korosho ndiyo maisha yetu, hata maganda hatuyatupi.

Mjomba Hamisi akaleta tukutuku lake. Kemshafti ilikuwa imekwisha, hata kuipima haikuhitaji. Darini kulikuwa na moja tu inayolingana, imetundikwa miaka. Fundi akaishusha, akanikabidhi. "Isafishe, ipime, iweke mezani. Usiifunge mpaka nirudi." Akaenda Lindi kwenye msiba.

Niliiosha kwa dizeli. Ikang'aa nyeusi, nyororo, ukucha ukapita bila kukwama. Mimi nilikuwa nimeona kemshafti zilizokomazwa kwa moto kiwandani, nazo huwa na weusi wa namna hiyo. Nikajiambia, gamba limetoka kwa dizeli, weusi huu uliobaki ni wa kukomazwa. Nikapima, vipimo vikaja sawasawa. Nikagonga nukta moja yenye mkia. Ningeiacha mezani, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini mjomba alikuwa amelala kwa jamaa zake pale pale Mingoyo, na mimi nikataka akiamka akute injini inaimba. Nikaifunga. Haraka haraka ile ile mnayoambiwa kila siku, na mimi nilikuwa nimeambiwa.

Wapenzi wangu, weusi ule haukuwa wa moto. Lilikuwa gamba la korosho. Lilikuwa limefunika nundu iliyolika kidogo, likaijaza, likanipa kipimo cha uongo. Niliwasha, injini ikaimba. Ikaimba kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Halafu ikaanza kubisha, nikazima.

Fundi aliporudi alinikuta nimekaa chini. Hakuuliza. Akafungua. Gamba lilikuwa limebanduka vipande vipande kama ukoko wa wali, vikaenda kuziba tundu la oili, na nundu ya kutolea moshi ikazunguka kavu mpaka ikachimbika. Akapitisha ukucha. Ukakwama.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mimi na wewe."

Mimi nikachukua kipatasi changu, nikaigonga ile kemshafti nukta ya pili na ya tatu, huku nalia. Kisha nikaiweka mezani mbele yake. Nilikuwa tayari naisikia sauti ya jembe.

"Nenda kwa shangazi yako Lindi," akasema. "Kaa siku tano. Mjomba wako nitamwambia kuna kifaa tunakisubiri."

Niliporudi, injini ilikuwa imefungwa tayari, imefutwa, imesimama uani.

"Kemshafti imepatikana," akasema.

"Wapi?"

"Kwa mtu."

Na Fundi Kristofa akishasema "kwa mtu", ungeweza kumfunga kamba asiongeze. Akanifanya nifungue kifuniko cha tapeti tu, nirekebishe, nifunge kwa mkono wangu, ili maneno ya mjomba yatimie. Kisha mjomba akaondoka asubuhi, yeye mbele, binti yake Zuhura wa miaka saba nyuma yake, na nusu gunia la chumvi limefungwa kwenye keria.

Siku tatu sikula vizuri. Siku ya nne tukasikia mlio njia panda. Mjomba akaingia na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wateja walikuwepo, majirani walikuwepo, mama lishe wa jirani akaacha hata chapati zake. Fundi Kristofa akamuuliza mbele ya wote:

"Mzee Hamisi, limepanda?"

Mjomba akavua kofia, akaikung'uta gotini.

"Limefika juu," akasema. Halafu akanigeukia. "Endelea na kazi, mwanangu." Fundi akainamisha kichwa, akaanza kutafuta spana.

Ndiyo hayo tu. Tangu siku ile sikuulizwa tena na mtu. Nilifanya kazi pale Mingoyo mpaka nikawa namsaidia fundi kusoma vipimo, macho yake yalipochoka, na alipofariki akaniachia karakana, kioo cha kabati na dari lote la kemshafti. Nilimzika nikiwa na deni moja tu la swali: ile aliipata kwa nani?

Kulikuwa na jambo moja lililokuwa likiniuma. Miaka yote hiyo mjomba hakuniruhusu tena kuifungua injini ile. Tapeti, ndiyo. Oili, ndiyo. Ndani, hapana, ndani alifungua Fundi Kristofa peke yake, tena milango imefungwa. Nilidhani haniamini. Nilinung'unika moyoni, na siku moja nilinung'unika kwa mdomo. Mjomba akajibu, "Kila mtu na daktari wake." Baada ya fundi kufariki, tukutuku likaegeshwa chini ya upenu wa jiko huko Rondo, likapumzika.

Mjomba Hamisi alitutoka mwaka jana, Mungu amrehemu. Tulipomaliza arobaini ukasomwa wasia wake. Mikorosho kwa hawa, nyumba kwa wale. Mwishoni: tukutuku apewe Somoe. Binamu yangu Zuhura, ambaye sasa ni mama wa watu wazima, akalipakia kwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, akaniletea mpaka hapa Somanga nilikohamia baada ya kustaafu. Akakaa kwenye kigoda kunitazama ninavyofungua, kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu, injini iliyonipa kazi.

Nilichomoa kemshafti, nikaifuta. Nikaigeuza kutafuta namba, kama nilivyowafundisha. Kwenye ncha kulikuwa na nukta tatu. Zote zina mkia.

Niliiweka mezani. Nikafuta miwani, nikaichukua tena. Nikapitisha ukucha juu ya nundu ya kutolea moshi, ile niliyoiua mimi. Haukukwama. Nikainamisha taa nikaona: pembeni mwa nundu kulikuwa na mistari midogo ya tupa, ya mkono, siyo ya mashine. Ndani ya siku zile tano alizonipeleka kwa shangazi, Fundi Kristofa alikuwa ameichomelea ile maiti, akaijaza chuma, akaipiga tupa kidogo kidogo akiilinganisha na nundu dada yake, akaikomaza kwa moto na oili, akaisugua kwa jiwe mpaka ikateleza. Huyo mtu wa "kwa mtu" alikuwa yeye. Na nukta zangu angeweza kuzifuta kwa mapigo mawili ya tupa. Hakuzifuta. Nadhani alitaka siku moja nizisome, na alijua singezisoma mpaka mjomba awe hayupo.

Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa shukrani, na kwa uchungu wa kuwa na shukrani kubwa namna ile bila mtu wa kumpa. Miaka yote nilimshukuru fundi kwa kunifundisha. Kumbe kubwa zaidi nilikuwa sijamshukuru.

Lakini fundi hata akilia anapima. Nikapaka wanja, nikachukua vipimo. Kisigino mpaka pua, ubavu kwa ubavu. Nundu ya kutolea moshi ilikuwa fupi kuliko dada yake kwa unene wa ukucha. Na hapakuwa pamelika; ule weusi wa kukomazwa ulikuwa bado upo puani kabisa. Ilitoka mikononi mwa fundi ikiwa fupi. Chuma alichokuwa nacho kiliishia hapo. Injini yenye nundu ile inatembea vizuri tambarare. Inapanda vilima vidogo. Lakini ule mlima, na watu wawili, na chumvi nyuma?

"Zuhura," nikasema, "ile siku ya kwanza, mlipopanda Rondo. Unaikumbuka?"

"Nitaachaje kuikumbuka!"

"Hii haikuweza kupanda. Vipimo vinakataa."

Zuhura akanitazama, akacheka kwa kujifunika mdomo kwa kanga, kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Dada Somoe, kwani mpaka leo hujui? Tulisukuma. Pale kona ya mwisho likahema, likakataa. Baba akashuka, akanishusha na mimi, akavua shati. Chumvi hakuishusha, alisema chumvi haina makosa. Yeye akashika usukani, mimi nikasukuma nyuma nalia kwa jua. Tulipofika juu akaniambia, 'Dada yako akikuuliza, mwambie limefika juu. Usimwambie limepanda. Limepanda utakuwa uongo, na mimi sisemi uongo.'"

Mjomba wangu, yule mwembamba asiye na tumbo, aliyeniwekea mlima ule mwenyewe kwa mdomo wake, aliusukuma kwa mabega yake kwa ajili yangu. Halafu akashuka na kujibu swali la fundi kwa neno alilolichagua njia nzima. Na Fundi Kristofa alipolisikia neno lile mbele ya watu wote, sasa najua kwa nini aliinamisha kichwa na kujifanya anatafuta spana. Na najua kwa nini injini ile nilifungiwa milango miaka yote: wawili hao walikuwa wananificha nukta zangu mwenyewe.

Nyinyi mtaniuliza, bibi, kwa nini usiipeleke Dar, wapo wenye mashine za kukereza, nundu ile wangeirudisha kwenye kipimo chake kwa siku moja? Najua. Mmoja wenu hata aliniletea namba ya simu. Nilimshukuru, nikazibua tundu la oili kwa sindano, nikaosha kila kitu mara tatu, nikairudisha kemshafti yangu ndani kama ilivyo. Nukta ya nne sikugonga.

Ijumaa iliyopita mimi na Zuhura tulilipakia tukutuku kwenye kirikuu mpaka chini ya mlima wa Rondo, kisha tukalishusha na kupanda wenyewe, mimi mbele, yeye nyuma, tukienda kumsomea mjomba Fatiha. Chumvi hatukubeba, ila Zuhura siku hizi anatosha gunia. Liliimba vizuri kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kona ya mwisho likaanza kuhema. Nikazima, tukashuka, nikavua viatu, tukasukuma.

Hapo ndipo alipotokea mmoja wenu na bodaboda yake mpya, simtaji jina. Akasimama, akaamkia vizuri, akashuka haraka na kufungua mkoba wa spana.

"Bibi, limeharibika?"

"Halijaharibika, mwanangu," nikamwambia. "Hapa ndipo linaposukumwa."